Shemasi wa Mkono Kifuani

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi mjini Knoxville, na ngazi zake zilikuwa za mbao, nyembamba, zenye mwinuko wa kumkomoa mtu. Agosti ya mwaka 1968 bosi wangu, promota Haskell Dupree, alinunua friji ya kuwekea soda zake, na duka la fanicha likamtuma mtu mmoja tu kuileta. Mtu huyo alikuwa Verlin Tackett. Aliipandisha friji ile mgongoni peke yake, mkanda umepita mabegani, jasho likimtiririka kwenye upara. Alipoitua akaweka mkono wa kulia kifuani, wa kushoto akashika mwimo wa mlango, akafumba macho, akashuka taratibu mpaka goti moja likagusa sakafu. Midomo ilikuwa imempauka. Niliinuka kitini nimsaidie, maana nilimwonea huruma ya kweli. Kabla sijamfikia akafumbua macho, akatabasamu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, akasema, "Samahani, bosi. Plagi iko wapi?"

Mtu mwingine angemwuliza kama ni mzima. Mimi nilimwuliza kama amewahi kupigana mieleka.

Jina langu ni Clete Barnhill, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kuwavika wanamieleka sura. Watu wa Tennessee hawakuwa wakijaza kumbi za shule ili kutazama wanaume wawili waliovaa chupi tu wakikumbatiana. Walikuja kumwona mtu wanayempenda na mtu wanayemchukia, stelingi na adui. Nani ashinde tulipanga sisi, na siri hiyo tuliilinda kuliko ndoa zetu. Adui na stelingi hawakupanda gari moja wala kula meza moja, hata kama walikuwa ndugu wa tumbo moja. Lakini kupanga mshindi ni kazi ndogo, hata Haskell aliiweza. Shughuli ni kumtazama mtu na kujua awe nani.

Kanuni yangu ilikuwa moja: usimvike mtu asichonacho. Chukua kitu chake mwenyewe, kidogo, ambacho hata mkewe ameshaacha kukiona, ukikuze mpaka kionekane na bibi kizee aliyekaa safu ya mwisho bila miwani. Sikuzaliwa na kanuni hiyo, nilifundishwa na aibu. Mwanzoni nilimchukua Floyd, muuza maziwa mwenye kifua kizuri, nikamfunga kilemba nikamtangaza kuwa ni Sultani wa Arabuni. Tulipofika Kingsport, Floyd akiwa ulingoni anabwabwaja maneno yasiyo lugha ya mtu, mama mmoja akasimama safu ya tatu.

"Wee Floyd! Maziwa yako ya Jumanne yameniharishia watoto!"

Floyd akausahau usultani. "Pole, mama. Kesho nitakubadilishia."

Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko, na Arabuni yetu ikaishia pale pale.

Basi Verlin alipokuja mazoezini, nilikaa pembeni kama paka, namtazama. Haskell hakuwa na subira hiyo.

"Ana upara," alisema. "Mfanye Mrusi."

"Mrusi gani anakiomba radhi kiti alichokigonga?"

"Basi mfanye mnyongaji."

"Haskell, huyu bwana ukimkanyaga anakuuliza kama mguu wako umeumia."

"Sasa huyo nimfanyie nini, nimpeleke kwa watawa?"

Kumbe jibu lilikuwa karibu na hapo. Mchana ule nilikula naye maharage na mkate wa mahindi. Verlin alisali kabla ya kula, macho ameyafumba, sala ndefu kuliko chakula chenyewe. Akanipa kijiko safi akabaki na kibovu. Akaomba samahani kwa kupiga chafya. Dakika ya kumi nilijikuta natamani kumtupia bakuli. Upole ukizidi kipimo unakera, na Verlin hakuwa akijua kipimo. Nikamnunulia koti jeusi la mtumba, la mtu aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya maiti. Jina nililiokota kwenye kibao cha duka la mbolea, na hivyo ndivyo alivyozaliwa Shemasi Pike. Huyu shemasi angeingia ulingoni akiwaombea dua watu wasiomwomba. Akizidiwa angepiga goti, mkono kifuani, macho amefumba, anaomba huruma. Stelingi, kwa kuwa ana roho nzuri, angeinama kumwinua. Hapo Shemasi angempiga ngumi chini ya mkanda, kisha amtazame Mungu juu kuomba msamaha.

"Nionyeshe ulivyofanya siku ile ya friji," nilimwambia.

"Nilifanya nini, bosi?"

"Mkono. Goti."

Aliona haya. "Ah, ile. Ile hunijia tu nikipanda ngazi, tangu ujana. Hata jeshini walinikataa, wakasema moyo wangu una kelele."

"Kwa hiyo unaumwa?"

"Hapana. Inapita."

Nilihitaji neno lile kuliko yeye. Nililidaka kama mbwa anavyodaka mfupa, nikamwambia, "Basi usiiache ipite haraka. Ikae watu waione."

Verlin aliacha kubeba friji. Katika muda wa mwaka mmoja hakukuwa na mtu aliyechukiwa kuliko yeye kutoka Chattanooga mpaka Johnson City. Wanawake wa kanisani, watu wazima wenye wajukuu, walimchoma makalio kwa pini za kofia. Walimtoboa matairi, wakamtemea ugoro. Alipopiga goti walisimama wote, wanapiga miguu sakafuni, wanaimba, "Kufa basi! Kufa basi, Shemasi!" Naye, adui namba moja wa mashariki ya Tennessee, alirudi chumba cha kubadilishia nguo akauliza kama yule mama mwenye pini hakujichoma kidole.

Kisha nikaongeza kitu, kwa sababu mimi sikujua kuacha. Watu walikuwa wameshaizoea hila yake, na nikaona stelingi akiendelea kuinama kila wiki ataonekana mjinga. Nikawawekea wote sheria: Shemasi akianguka, asiguswe. Mpinzani ampe mgongo, awanyooshee watu mikono. Refa ageuke akazozane na safu ya mbele. Atakayemsogelea kabla hajainuka mwenyewe ameharibu kazi na atatafuta kazi nyingine. Nilijiona fundi. Watu walipenda sana kumwona Shemasi akifumbua jicho moja, akakuta hakuna anayemjali.

Jumapili nilikuwa nakula kwao. Mkewe, Oma, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, na walikuwa na binti mmoja, Rhonda, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo. Siku moja Verlin alishuka stoo ya chini ya nyumba kuleta mitungi ya maharage ya siki. Alipotokea juu ya ngazi, mitungi ikamtoka, mkono ukaenda kifuani, goti likashuka. Oma aliruka kutoka kitini, amekuwa mweupe kama unga.

"Verlin! Verlin, una nini?"

Yeye alifumbua macho. Hakumtazama mkewe kwanza, alinitazama mimi, akanikonyeza.

"Mazoezi, mama Rhonda. Clete ndiye aliyenifundisha. Nisipofanya mazoezi atanifukuza."

Oma alimchapa kwa kitambaa cha vyombo, huku machozi yanamlengalenga. "Utakuja kunifia kwa utani wako wa kipumbavu!" Kisha akanigeukia. "Na wewe, shemeji, hukuwa na kitu cha maana cha kumfundisha mume wa watu? Hata kuosha vyombo?"

Nilicheka. Sikusema kwamba sikumfundisha. Nilidhani Verlin anamtuliza tu mkewe, na kusema kweli ilinipendeza kusifiwa kwa kitu nilichokiokota mlangoni. Tangu siku ile Verlin akishika kifua pale nyumbani, Oma alikuwa akisema, "Haya, Shemasi, tumekuona, inuka ule," na Rhonda akipiga makofi.

Miaka ikaenda. Majira ya kuchipua ya 1973 tulikuwa tunatoka Chattanooga, mimi na Verlin kwenye gari lake. Yeye anaendesha, mimi naandika mapambano ya wiki inayofuata juu ya goti. Njiani akasema, "Clete, nikuulize kitu. Zamani ulingoni nilikuwa naiita ndipo inakuja. Siku hizi inakuja sijaiita."

"Nini?"

"Ile. Ya mkono."

Sikuinua kichwa kwenye karatasi. Nakumbuka nilikuwa natafuta jina la mtu wa kupigana na Floyd. Nikasema, "Hapo ndipo sura inakuwa imemkaa mtu. Wengine hawafiki huko mpaka wanastaafu."

"Kumbe ndivyo?"

"Ndivyo."

Akafikiri kidogo. "Asante, Clete. Nilikuwa na wasiwasi."

Alinishukuru. Nimejaribu kuyasahau mengi katika maisha yangu na mengine nimefaulu, lakini asante ile imekataa kwenda. Mtu alikuja kwangu na ugonjwa wake mkononi, akanionyesha, nami nikampa pongezi akaondoka nazo.

Septemba ya mwaka ule tulialikwa kwenye maonyesho ya kilimo. Ulingo ulisimamishwa uwanjani, nyuma ya mazizi ya ng'ombe, saa nane mchana, jua kali. Shemasi alipangwa na Arlis Boggs, stelingi wetu, kijana wa shamba mwenye nywele za rangi ya majani makavu, anayependwa na kila mama mwenye binti. Verlin alivaa koti lake jeusi katika joto lile, kwa sababu shemasi asiye na koti si shemasi. Walipigana vizuri. Baada ya muda Arlis alimrusha kwenye kamba, Verlin akarudi hatua mbili, akasimama, mkono ukaenda kifuani, goti likashuka. Kisha, kitu ambacho hakuwa amewahi kukifanya, akalala kifudifudi.

Arlis akampa mgongo, akawanyooshea watu mikono. Refa akageuka, akaanza kuzozana na mzee mmoja wa safu ya mbele. Uwanja wote ukasimama. "Kufa basi! Kufa basi, Shemasi!" Watoto walikuwa wamebebwa mabegani ili waone.

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka ulingoni, nimeegemea nguzo, na nitasema nilichohisi, kwa maana nikikificha hapa nitakuwa sijasema kitu. Nilifurahi. Nilisema moyoni, Verlin, leo umewaweza. Nilimhesabia muda. Nilimwona Arlis akichungulia kwa pembe ya jicho, anataka kugeuka, nami nikamwashiria kwa kidole, bado, mwache. Arlis alitii. Wote walinitii.

Aliyekuja kuvunja sheria yangu alikuwa daktari wa mifugo wa maonyesho, aliyekuwa amepanda juu ya uzio wa zizi kutazama. Huyu hakujua kanuni zetu. Aliruka, akapita kati ya watu wanaomzomea, akaingia ulingoni na buti zake zenye kinyesi cha ng'ombe, akamgeuza Verlin. Watu walidhani naye ni sehemu ya mchezo, wakamzomea zaidi. Daktari alipiga magoti akamkandamiza kifua, akainua uso na kutukana, "Mmesimama mnatazama nini, nyinyi wanyama?" Hapo nikakimbia. Uso wa Verlin ulikuwa wa rangi ya jivu. Tulipombeba kwenda kwenye gari watu walikuwa bado wanaimba, na wengine walitufuata wakicheka, wakisubiri ainuke.

Na si siku ile tu. Kwenye nyumba ya maiti, alipolazwa ili aagwe, walikuja watu wasiomjua Oma wala mtu yeyote wa ukoo ule. Walipanga mstari, wakalitazama jeneza, wakarudi kukaa nyuma na kunong'ona. Mmoja nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Ngoja. Wakianza kufunga mfuniko tu, utaona." Nilimshika kola nikamtoa nje. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Mimi ndiye niliyemfundisha kusubiri.

Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwa Oma. Majirani walikuwa wameleta nyama ya paja la nguruwe, mayai ya haradali, keki ya tufaha ya tabaka saba, na jikoni mlijaa shangazi wenye nguo nyeusi. Haskell alisimama mlangoni na sahani yake. Mimi nilikaa kwenye kiti nilichozoea kukaa.

Mtu mmoja alisema mezani hakuna maharage ya siki. Rhonda, sasa ana miaka kumi na saba, mrefu, mchezaji wa mpira wa kikapu wa shule, akashuka stoo kuleta mitungi. Alipotokea juu ya ngazi akaiweka mitungi sakafuni, akashika mwimo wa mlango, mkono wa kulia ukaenda kifuani. Akafumba macho. Goti likashuka mpaka chini.

Shangazi wakapiga ukelele wa kicheko na kilio kwa pamoja. "Mtazameni! Mtazameni baba yake!" Mmoja akajifuta machozi kwa leso. Rhonda akafumbua macho, akatabasamu. "Samahani, ndugu zangu," alisema. "Shemasi amechoka."

"Anamwigiza baba yake tangu utoto," Oma aliwaambia. Alikuwa hajacheka siku nne, na sasa alikuwa anacheka. Kisha uso ukabadilika akanigeukia. "Shemeji, ni wewe uliyemfundisha Verlin ile, sivyo? Waambie hawa wasikie. Daktari ananiambia mume wangu alikuwa mgonjwa miaka mingi, eti dalili zilikuwepo. Zilikuwepo wapi? Nimelala naye kitanda kimoja miaka ishirini. Ningejua. Ile ilikuwa kazi yako tu. Waambie."

Haskell, kule mlangoni, alitikisa kichwa polepole mara moja, maana siri ya kazi haisemwi mbele ya watu, hata msibani. Na neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lingekuwa neno tamu. Oma angelala usiku ule bila kujiuliza ni mara ngapi alimcheka mgonjwa. Mimi ningebaki fundi. Lakini Rhonda alikuwa bado ameshika mwimo wa mlango. Stoo ile ni baridi kama kisima, na juu ya mdomo wake palikuwa na jasho. Midomo yenyewe ilikuwa imepauka.

"Hapana, Oma," nikasema. "Sikumfundisha. Alikuja nayo. Siku ya kwanza kabisa niliiona, alipopandisha friji ofisini, na midomo ilikuwa kama ya huyu mtoto sasa hivi. Mpeleke hospitali. Mpeleke leo hii."

Haskell aliweka sahani chini akatoka.

"Anko Clete, mimi natania tu," Rhonda alisema.

"Kila mara?"

Alimtazama mama yake, akatazama sakafu. "Hapa nyumbani natania," alisema. "Mpirani sitanii. Mpirani nasema nimebanwa na mbavu."

Oma hakupiga kelele. Alichukua funguo za gari kwenye msumari, akamshika Rhonda mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara. Waliwahi. Madaktari walimkuta na moyo wa baba yake, wakamkataza mpira na ngazi, wakampa vidonge, na leo Rhonda ana watoto wawili walio wakubwa. Najua hayo kwa kuambiwa na Arlis, kwa kuwa nyumba ile sikuitwa tena.

Lakini siku ile, kabla hawajatoka, Oma alisimama mlangoni na gauni lake la mazishi, akanigeukia. Alizungumza kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu.

"Uliiona siku ya kwanza. Uliiona kabla yangu, kabla ya daktari yeyote. Ulidhani ni nini?"

Nilikuwa na jibu moja tu.

"Nilidhani ni kipaji," nikamwambia.